Maharage ya kupanda fito kwa bustani ya Tanga: yapi yatazaa, yapi yatabaki majani

Mwenye bustani ya nyumbani Tanga mjini akitaka mboga ya kudumu kwenye eneo dogo, wazo la kwanza linalomjia ni maharage yanayopanda fito. Yanachukua ardhi kidogo, yanakwenda juu, na maganda yake yanachumwa mabichi wiki baada ya wiki. Wazo ni zuri. Shida inaanzia dukani. Pakiti tatu zina picha zinazokaribia kufanana, maganda marefu ya kijani yamelazwa pamoja, na muuzaji akiulizwa tofauti anajibu kwamba yote ni maharage marefu, chukua yoyote. Wengine hawapiti dukani kabisa. Wana shangazi aliyekuja likizo kutoka Uingereza na pakiti ya Scarlet Emperor yenye picha ya maua mekundu ya kuvutia, akasema huko anakoishi kila bustani inayo.

Mbegu zinapandwa, zinaota vizuri. Mimea inapanda, inafika juu ya fito, inamwagikia ukuta wa jirani. Miezi miwili, mitatu, ni majani mapana tu, ganda hata la dawa hakuna. Hapo maelezo yanakuwa mengi: umezidisha samadi, umeuziwa mbegu feki, kuna mtu ana kijicho na bustani yako. Samadi nyingi kweli huleta majani badala ya maua, kwa hiyo wa kwanza asipuuzwe. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa, na dalili yake ilikuwa kwenye pakiti tangu mwanzo, kwa zile herufi ndogo za mlalo ambazo hakuna anayezisoma.

Soma jina la chini, si la juu

Jina kubwa la mbele ya pakiti ni la biashara. Jina la kisayansi ndilo linalosema ni mmea gani, na nyuma ya kinachoitwa maharage marefu kuna mimea minne tofauti inayofanana umbo lakini haifanani tabia.

Ukiona Phaseolus vulgaris, hayo ni maharage ya kawaida, ndugu wa yale tunayopika makavu. Yana aina fupi zinazosimama zenyewe na aina zinazopanda. Ukiona Phaseolus coccineus, ndiyo yale yenye maua mekundu, ambayo pakiti za Kiingereza huyaita Runner Bean. Humu nitayaita maharage ya maua mekundu, ingawa yapo yenye maua meupe na yenye rangi mbili. Vigna unguiculata ni kunde, na zikifuatiwa na neno sesquipedalis ni kunde ndefu, zile za maganda kama kamba. Na Lablab purpureus ni fiwi, ambayo watu wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua zaidi kwa jina la ngwara.

Kama pakiti haina jina la chini, mbegu yenyewe inaweza kukusaidia. Fiwi haifichiki: ina ukingo mweupe mrefu uliotokeza ubavuni, hakuna mbegu nyingine kati ya hizi iliyo nao. Kunde ndefu ni nyembamba, nyeusi au ya hudhurungi, ndogo kuliko haragwe. Haragwe la maua mekundu ni kubwa mno, zambarau lenye mabaka meusi au jeupe tupu, zito mkononi. Na ukiwa bado na shaka, panda, kisha subiri miche itokeze. Haragwe la kawaida na kunde hutoka ardhini zimebeba nusu mbili za mbegu juu ya shina. Haragwe la maua mekundu huziacha nusu hizo chini ya udongo, kinachotokeza ni shina na majani tu. Unaijua jamii yake kabla hujakata hata ufito mmoja.

Kwa nini jamii itangulie aina? Kwa sababu Tanga ina makufuli mawili, na kila jamii ina funguo zake.

Kufuli la kwanza ni joto la usiku

Watu hulaumu jua la mchana. Usiku ndio unaoharibu zaidi. Ua la haragwe hutengeneza chavua yake siku kadhaa kabla halijafunguka, na joto likizidi katika siku hizo chavua inatoka dhaifu au imekufa. Ua litafunguka, litapendeza, litaanguka. Watafiti wa maharage huhesabu kwamba zao limeingia taabani mchana ukipita nyuzi 30 na usiku ukikaa juu ya nyuzi 20. Tanga ya Februari na Machi, kaskazi ikiwa inamalizikia na masika hayajafika, huwa juu ya vipimo vyote viwili, usiku ukibaki kwenye nyuzi 24 au zaidi. Unalala dirisha wazi na bado shuka limeloa. Haragwe nalo liko nje katika hewa hiyo hiyo.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, inama kwenye shina la maharage ya kawaida lenye maua mwezi wa pili, saa moja asubuhi. Utakuta ua bado lina rangi yake, halijanyauka, ila kikonyo chake kimegeuka njano pale kinapoungana na tawi. Liguse kwa ncha ya kidole. Linadondoka bila kuvutwa, limekatika kwenye kiungo, safi. Chini ya shina udongo umetapakaa maua ya jana na juzi. Yale machache yaliyoshika yana ganda fupi, limepinda, lina mbegu moja au mbili upande wa kikonyo na pengine pote patupu. Majani hayana doa. Mtu asiyejua atapiga dawa ya wadudu, na dawa haitafanya lolote isipokuwa kuua nyuki.

Joto likishuka mmea huo huo unaweza kuzaa, maana haujafa, umeshindwa kushika tu. Ndiyo sababu maharage yanayokataa Tanga mjini yanajaa Lushoto, mkoa huo huo, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako usiku unataka blanketi. Ukiona maharage machanga mazuri soko la Mgandini, jua kuna uwezekano mkubwa yameshuka na gari kutoka Usambara.

Kufuli la pili ni urefu wa siku

Hili ndilo wengi hawalijui, na ndilo linalowamaliza wenye pakiti za Ulaya.

Mimea mingi hupima mwanga. Hujua msimu kwa urefu wa usiku, kisha huamua kuchanua au kuendelea na majani. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku zetu karibu zinalingana: kati ya siku ndefu kabisa ya Desemba na fupi kabisa ya Juni kuna tofauti ya kama dakika 35. London mwezi wa Juni jua linakaa juu saa 16 na nusu. Maharage ya maua mekundu yaliyochaguliwa na wakulima wa Ulaya kwa karne kadhaa yamezoea mwanga huo, na aina zake nyingi hazichanui vizuri mpaka ziupate. Mashamba ya Kenya yanayolima zao hili kwa soko la Uingereza huwasha taa shambani usiku ili kuurefusha mchana. Umeme huo unalipwa na bei ya kuuzia nje. Bustani ya Chumbageni haiwezi kuwashiwa taa kwa ajili ya mboga ya chakula cha jioni.

Kwa kufuli hili Lushoto nayo haisaidii. Mlima unafungua kufuli la joto, lakini hakuna mlima unaorefusha siku. Mkulima wa Usambara akipanda Scarlet Emperor anaweza kupata maua zaidi kuliko wa Tanga mjini, kwa kuwa usiku wake ni baridi, na bado akabaki na mmea wenye majani mengi kuliko maganda.

Tusiyaonee maharage yenyewe. Asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati, ambako siku hazirefuki kupita kiasi, na nyanda za juu za Ethiopia yapo yanayozaa mbegu kubwa zinazopikwa kavu. Wanaodai siku ndefu ni wale waliolelewa Ulaya, na hao ndio waliomo kwenye pakiti za rangi rangi.

Aina mpya zimejaribu kupunguza usumbufu. Moonlight na Firestorm zimezalishwa ili zijichavushe bila kungoja nyuki wakubwa wa kulisukuma ua, maana aina za zamani hazizai vizuri bila hao. White Lady ya maua meupe husifiwa kwa kushika ganda hata kwenye joto. Hestia ni fupi, ya kopo. Polestar haina uzi pembeni mwa ganda. Sifa zote hizo ni za kweli huko zilikoandikiwa. Lakini joto la Uingereza linalotajwa kwenye pakiti ni mchana wa kawaida wa Julai hapo Raskazone, tena wenye upepo wa kusi. Ukiyapenda maua mekundu, yapande kwa ajili ya maua. Ulaya kwenyewe yalipoingia miaka ya 1600 yalipandwa kwanza kama pambo.

Kunde ndefu, na namna ya kuchagua ndani yake

Kwa bustani ya pwani jibu langu ni kunde ndefu, na sioni sababu ya kulizungushia. Zinapenda nyuzi 25 hadi 35. Usiku wa Februari hauzitishi. Zinajichavusha zenyewe asubuhi, ua likafunga kabla ya adhuhuri. Kunde asili yake ni Afrika. Zilivuka Bahari ya Hindi zamani sana, na huko Asia wakulima wakazichagua kwa urefu wa ganda mpaka zikawa hizi. Kwa hiyo zinapofika Tanga zinarudi nyumbani na umbo jipya.

Ukishaamua kunde ndefu ndipo swali la aina linapokuwa na maana, na picha ya pakiti hapo inaanza kusema kitu. Angalia rangi ya ganda. Zipo za kijani kilichopauka, za kijani kilichokolea, na za zambarau. Zilizopauka huwa laini, zinaiva upesi, na huregea upesi vile vile zikikaa sokoni. Ni nzuri kwa anayechuma jioni na kupika jioni. Za kijani kilichokolea ni ngumu kidogo, zinavumilia safari, hizi zichukue ukitaka kuuza mafungu. Za zambarau zinaonekana vizuri katikati ya majani, jambo dogo lenye faida kubwa: ganda lisiloonekana linazeeka juu ya mmea, na ganda likishazeeka mmea unaona kazi imekwisha na unapunguza maua.

Kisha urefu. Wauza mbegu hushindana kwa sentimeta, wengine wanaandika 90. Urefu huo ni wa kupigia picha. Ganda refu mno huwa limeshaanza kuvimba mbegu upande mmoja wakati ncha bado changa, na ndani lina sifongo. Ganda la sentimeta 40 hadi 50, lenye unene wa penseli, linalovunjika likikunjwa, ndilo lenye utamu. Mimi pakiti inayotangaza urefu peke yake huirudisha rafuni.

Angalia pia kama ni ya kupanda au ya kichaka. Zipo kunde ndefu zilizofupishwa zisizohitaji fito, ila maganda yake yanagusa ardhi na masika yanaoza. Usizichanganye vile vile na kunde zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, kama Tumaini, Fahari na Vuli-1. Hizo ni mbegu nzuri sana, ila zilitafutwa kwa ajili ya punje na majani. Ukizipanda ukingoja maganda ya kukata kata kama mboga utalaumu watafiti bure.

Majani machanga ya kunde ndefu nayo ni mboga, kama ya kunde yoyote, lakini chagua: ukichuma majani kwa pupa maganda yatapungua. Anayetaka vyote apande mistari miwili, mmoja wa majani, mmoja wa maganda.

Kwa kawaida utaanza kuchuma siku 50 hadi 60 baada ya kupanda. Ganda likishashika halingoji wiki mbili, ni siku kumi hivi tangu ua. Pita kila baada ya siku mbili. Wakati huo ndio wa kutazama wadudu, na ishara ya kwanza ni sisimizi. Wakipanda shina kwa msururu, baadhi yao wanafuata utomvu mtamu wa mmea wenyewe, lakini geuza ncha changa uone kama kuna vidukari weusi wamebanana. Wakiwa wachache, waondoe kwa vidole na maji ya sabuni. Wakiachwa wanaeneza batobato, ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka, na majani yenye batobato hayaponi. Mwingine ni kiwavi anayetoboa ua na ganda. Tundu lake lina vumbi laini mdomoni. Maua na maganda yaliyotobolewa yachumwe yakachomwe, yasiachwe chini ya mmea.

Jikoni hazina makuu. Zikate vipande vya urefu wa kidole, kaanga na kitunguu na nyanya, malizia na tui zito dakika za mwisho zisipoteze rangi. Zikichemshwa kwa maji mengi zinakuwa uji.

Fiwi kwa mwenye subira

Fiwi inafaa kwa mtu mwenye ua wa senyenge au kibanda cha kuku anachotaka kifunikwe. Ina nguvu ya kutisha, inavumilia ukame kuliko wote waliotajwa, na ikishika inaweza kuishi zaidi ya msimu mmoja. Maua yake ya zambarau au meupe yanasimama juu ya majani, na maganda mapana machanga hupikwa mabichi. Mapishi ya Kigujarati yameyatumia siku zote, kwa jina la papdi.

Tatizo lake ni saa yake. Aina nyingi za kienyeji hungoja siku zifupike ndipo zichanue, na hata zile dakika zetu chache zinazitosha kuhesabu. Ipande masika yanapoanza, itajenga mwili wakati wa mvua na kuchanua siku zinapokuwa fupi. Ipande Septemba, nayo inaweza kukaa na majani kupita Krismasi na zaidi, wewe ukidhani ni gumba. Kuna aina za fiwi zisizojali mwanga. Ukizipata, maelezo ya pakiti hutaja siku za kuvuna badala ya msimu.

Punje kavu za fiwi, hasa nyeusi, zina sumu ya jamii moja na ile ya muhogo mchungu. Ziloweke usiku kucha, zichemshe, mwaga maji, chemsha tena. Maharage ya kawaida makavu, na yale ya maua mekundu, yana sumu ya aina nyingine inayovurugwa na mchemko wa nguvu wa dakika 10. Moto mdogo wa polepole peke yake hautoshi. Maganda machanga yaliyopikwa hayana shida.

Maharage machanga yana dirisha lao

Je, maharage ya kawaida yafutwe kabisa pwani? Hapana. Yana kipindi kimoja cha kuyaheshimu, nacho ni kipupwe. Julai usiku wa Tanga unashuka karibu na nyuzi 20, mvua kubwa imekwisha, kusi inakausha majani. Haragwe hutoa maua siku 35 hadi 45 baada ya kupandwa, kwa hiyo mbegu iingie ardhini kati ya mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Julai, ili maua yaangukie Julai na Agosti. Maji utamwagilia wewe.

Katika dirisha fupi hivyo, fupi inashinda ndefu. Aina ya kichaka inatoa maganda yake karibu yote ndani ya wiki mbili, tatu, na kuondoka kabla joto halijarudi. Contender ni ya kichaka na ina sifa ya kuvumilia joto kuliko wenzake. Kentucky Wonder na Blue Lake zinazopanda ni aina nzuri za siku nyingi, ila zinachelewa, na mavuno yao ya mwisho yatakutana na Oktoba. Kwa Muheza ya juu, Amani au Soni ningegeuza ushauri huu, kwa sababu huko zinazopanda zina muda wa kutosha kulipa gharama ya fito.

Lyamungu 90, Uyole 03 na Jesca ni mbegu za punje kavu, zilizotafutiwa nyanda za kaskazini na za juu kusini. Ganda lake lina uzi na ngozi ngumu ndani. Nazitaja kwa sababu kilo yake ni rahisi kuliko kipakiti cha maharage ya maganda, na kishawishi kipo.

Upande wa joto kuna habari njema ya utafiti. Mwaka 2015 CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichoko Colombia, kilitangaza mbegu za maharage zinazostahimili joto, nyingi zikiwa zimetokana na kuchanganya haragwe la kawaida na ndugu yake wa jangwani, Phaseolus acutifolius. Kipaumbele chao ni punje, si maganda ya bustani.

Maji, mawe na kamba

Mtaani karibu na bahari kisima kinaweza kuwa na chumvi usiyoisikia kwenye chai lakini haragwe likaisikia. Maharage ya kawaida ni miongoni mwa mazao yanayoathirika upesi kabisa na chumvi: kingo za majani zinaungua, kimo kinadumaa. Kunde zinavumilia zaidi kwa mbali. Kama maji yako ni ya kisima cha namna hiyo, swali la kipupwe nalo limeshajibiwa, panda kunde.

Penye mawe ya matumbawe chini kuna jambo jingine. Udongo wake una chokaa nyingi, na chokaa inaufungia madini ya chuma mmea. Jani changa linakuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Hapo majivu, ambayo wengi tunayamwaga kwa nia njema, yanaongeza tatizo. Weka mboji, au panda kwenye viroba vya udongo uliotoka kwingine. Samadi iwe iliyooza na ya kiasi, kwa sababu mimea hii inajitafutia naitrojeni kwa vinundu vya mizizini. Ng'oa mche mmoja wa wiki tano, pasua kinundu kwa kucha: kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi. Bakteria wanaotengeneza vinundu vya kunde wamo tayari kwenye udongo mwingi wa Afrika. Wa maharage ya kawaida huchagua mahali.

Fito ziwe za mita 2 na robo, robo iwe ardhini. Kati ya fito funga kamba ya katani, maana tuko Tanga na haijawahi kuwa shida. Inakwaruza kidogo, na kwa mmea wa kujiviringisha huo mkwaruzo ni msaada; ya nailoni inateleza na kukata shina upepo ukivuma. Msimu ukiisha unakata vyote pamoja unatupa kwenye mboji. Elekeza mstari kaskazini kwa kusini ili kila upande upate jua lake. Mbegu mbili kwa shimo, kina cha sentimeta 2 au 3, hatua ya sentimeta 30 kati ya mashimo.

Kununua na kuweka mbegu

Mbegu iliyothibitishwa hapa nchini ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na vijijini utakuta pia mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa na kuuzwa katika eneo lao. Lebo ikiwepo, tazama tarehe. Duka lenye bati na lisilo na hewa, Tanga ya mwezi wa tatu, linazeesha mbegu kuliko mwaka mzima wa kukaa kabatini Arusha. Chukua mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa kibichi, fungua baada ya siku tano. Zikiota saba au zaidi panda kama kawaida. Nne hadi sita, ongeza mbegu kwa shimo. Chini ya hapo rudisha pakiti ukiwa na ushahidi wako mkononi.

Zile zinazobebwa kwenye sanduku kutoka nje zina utaratibu wake: kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka, na mwenye mamlaka ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Si urasimu mtupu. Kuna virusi vya batobato vya maharage vinavyosafiri ndani ya mbegu isiyo na alama yoyote.

Jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulisema ni kwamba maharage na kunde hayauzwi kama chotara, na kwa kuwa yanajichavusha, mbegu yako mwenyewe itatoa mmea ule ule. Haragwe la maua mekundu ndilo linalochanganyika, na fiwi kidogo, nyuki wakiwa wengi. Kwa kunde ndefu teua mimea miwili isiyo na batobato, acha maganda yake ya kwanza yakauke mpaka yapige kelele yakitikiswa, yavune kabla mvua haijayalowesha. Pukuchua, anika kivulini, kisha tia kwenye chupa kavu na uiweke kwenye friza kwa wiki. Fukusi wa kunde hutaga mayai tangu shambani, juu ya ganda, na baridi hiyo inawamaliza ndani ya punje. Ukiitoa, usiifungue chupa mpaka ipate joto na kulingana na hewa ya chumba, vinginevyo unyevu wa pwani utaganda juu ya mbegu na kazi yote ya kukausha itarudiwa.